Mto ukifungwa, wadudu wanajua mbele yetu

Swali la juma hili tulilipata sokoni, si darasani. Mwenzetu mmoja wa chama, anayeleta samaki wa kukaushwa kutoka Ziwa Tshangalele hadi Likasi, alitua kapu lake akatuambia: "Ninyi walimu mnasoma vitabu. Basi mtueleze. Mama yangu alikuwa akisema kiangazi ni wakati wa kupumzika na mbu. Mbona kule ziwani mbu hawajui kiangazi?" Kisha akatoa la pili, na tuliona machoni kwamba ndilo lililomuuma zaidi. Bustani yake ya mboga, aliyoilima kando ya ziwa wakati maji yameshuka, ilimezwa na maji kabla hajachuma hata fungu moja. Mvua haikunyesha. Maji yalipanda tu.

Hatukuwa na jibu hapohapo. Tulinunua samaki wetu tukaenda nyumbani, na tangu siku ile sisi tulio walimu katika chama tumekuwa tukisoma na kuulizana.

Tuanze na jambo ambalo watoto wengi wa Likasi hawalijui: Tshangalele si ziwa la tangu zamani. Ni mto Lufira uliofungwa. Pale Mwadingusha palikuwa na maporomoko makubwa ya maji. Wakati wa Wabelgiji ukajengwa hapo ukuta wa kuzuia maji, ule tunaouita baraji, ili migodi ipate kuran. Mtambo ulianza kazi 1930. Maji yaliyozuiwa yakarudi nyuma, yakatandaa juu ya bonde, yakafunika majani, vinamasi na miti. Kwa kuwa bonde lile ni tambarare, ziwa likawa pana sana lakini bila kina: kwa wastani halifiki hata mita 3. Ziwa la namna hiyo ukilishusha maji kidogo, ufuko unakimbia mbali. Ukilipandisha kidogo, linameza shamba la mtu. Na maji yake hayafuati mawingu peke yake, yanafuata pia mkono wa yule anayefungua na kufunga milango ya baraji.

Hapo tayari tulikuwa na nusu ya jibu la mboga. Lakini mbu? Kwa hao ilitubidi kuuliza kwanza mto unafanya nini kama haukufungwa.

Wenzetu wenye asili ya Bukama, Kinkondja na Malemba Nkulu wanalijua jibu bila kitabu. Kule Lualaba unapita katika bonde la Kamalondo, lenye maziwa na vinamasi vya mafunjo. Wakati wa mvua mto unavuka kingo zake na kuingia kwenye majani. Panzi, siafu, mende na mchwa wanakimbilia juu ya majani, na wasiowahi wanaanguka majini. Samaki wanajua. Wanatoka mtoni, wanaingia katika majani yaliyofunikwa, wanakula wale wadudu, na wengi wanataga mayai humohumo. Watoto wa samaki wanakua kati ya majani, mahali ambapo samaki wakubwa hawapiti kwa urahisi. Kambale tunaowapika na bukari, wengi wao walikulia mahali pa namna hiyo.

Kisha maji yanarudi. Yanaacha vidimbwi, na ndani yake samaki waliochelewa na wadudu wa majini wa kila aina. Korongo na kongoti wanafika kula. Nyuma ya maji yanaota majani mapya, laini, na wanyama wa porini na ng'ombe wanayafuata. Kila kiumbe pale kina saa yake: wengine wanangoja maji yapande, wengine wanangoja yashuke. Ni kama nyumba ambamo mtu mmoja anatoka kwenye kitanda na mwingine anaingia, na kitanda hakipoi.

Mbu nao wana saa zao. Tulishangaa kujua kwamba mbu wanaoleta palu si wa aina moja. Wako wanaopenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, hata maji yaliyojaa katika alama ya kwato za ng'ombe au tairi la lori. Hao wanazaliana sana wakati wa mvua, na jua kali likikausha vidimbwi wanapungua. Ndio waliompa mama wa mwenzetu ile kiangazi ya kupumzika. Lakini wako wengine wanaopenda maji yanayokaa muda mrefu, yenye matete na majani pembeni, penye kivuli. Ukiwapa kinamasi kisichokauka mwaka mzima, wanapata nyumba ya mwaka mzima. Na ziwa la baraji lenye ufuko wa matete ndiyo nyumba hiyo. Maji yake yakishuka na kuacha vidimbwi juu ya matope, hata wale mbu wa kwanza wanapata pao.

Jibu la swali la kwanza ndilo hilo. Mbu wa ziwani hawajakuwa wakaidi, ila kiangazi yao ndiyo imeondolewa.

Tusiseme lakini kwamba kila mdudu anafaidika mto ukifungwa. Usubi, yule mweusi mdogo anayeleta upofu wa mtoni, hataki maji yaliyotulia hata kidogo. Watoto wake wanashika mawe katika maji yanayokimbia kwa nguvu, na wakikosa mkondo wanakufa. Baraji la Akosombo, nchini Ghana, lilipofunga mto Volta katika miaka ya 1960, ziwa lilifunika maporomoko mengi na usubi wa hapo wakapoteza makao. Watu wangefurahi, lakini kando ya ziwa lilelile majani ya majini yakaota, konokono wakajaa, na watoto waliokuwa wakioga wakaanza kukojoa damu kwa sababu ya kichocho. Ugonjwa mmoja ulitoka na mwingine ukaingia. Hapa kwetu usubi waliondolewa kwa njia nyingine: 1948 madaktari wa Kibelgiji walitia dawa ya DDT katika mto Kongo karibu na Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati ule, na usubi wakatoweka pale. Wadudu wengine wangapi waliondoka pamoja nao katika maji yale? Tungependa wanafunzi wetu waulize maswali ya namna hiyo.

Tulijaribu wenyewe jambo dogo. Tuliwapeleka watoto wa darasa la tano kwenye kijito nyuma ya shule, na chujio la jikoni na bakuli jeupe. Walipata watoto wa mbu wanaojinyonganyonga, na pia mdudu mmoja wa rangi ya matope, mwenye macho makubwa, ambaye hakuna mtoto aliyemjua. Tukamweka katika bakuli pamoja na watoto wa mbu, tukaendelea na hesabu. Tuliporudi, watoto wa mbu walikuwa wamebaki wachache. Yule wa matope alikuwa mtoto wa kereng'ende. Wanafunzi walipiga kelele kama kwenye mpira. Kereng'ende tunayemwona akiruka juu ya maji na mabawa yanayong'aa amekaa kwanza chini ya maji miezi mingi akila watoto wa mbu, na samaki wadogo wanafanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana tunasikitika tunapoona mustikere ya kulalia imegeuzwa wavu wa kuvua. Inanasa hata samaki wa ukubwa wa ukucha, na usiku mtoto analala bila mustikere. Hatumtupii mtu jiwe, njaa tunaijua sisi sote. Lakini hasara hapo ni mbili kwa siku moja.

Sasa tuwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kule walipata dawa ya jambo hili, na dawa yenyewe ilikuwa ndani ya milango ya baraji.

Nchini Marekani uko mto Colorado, wenye baraji kubwa liitwalo Glen Canyon, lililofungwa 1963. Chini ya baraji hilo wataalamu waliona kwamba aina nyingi za wadudu wa mtoni hazipo, hasa wale wenye mabawa membamba kama karatasi na mikia mirefu, ambao wakishaota mabawa wanaishi siku moja au mbili tu. Kwa mto hao ni chakula cha msingi: samaki, popo, ndege na buibui wote wanawategemea. Kwa nini walikosekana? Wataalamu waliwaomba watu wanaosafiri mtoni kwa mashua wakusanye wadudu kwa taa kila jioni, na 2016 jibu likaandikwa. Baraji linaachia maji mengi saa ambazo watu wanahitaji kuran, na machache saa nyingine. Kwa hiyo mto unapanda na kushuka kila siku. Wadudu wale wanabandika mayai yao kwenye mawe, pale maji yanapokutana na nchi kavu. Jioni mama mdudu anataga mayai mahali penye maji, halafu maji yanashuka, mayai yanabaki juani na kukauka. Kila siku hivyohivyo, miaka na miaka.

Basi kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane 2018 wakajaribu kitu rahisi. Jumamosi na Jumapili, wakati watu hawatumii kuran nyingi, waliacha mto utulie chini bila kupanda na kushuka. Mayai yaliyotagwa siku hizo yalikuwa chini kabisa, hayakuweza kuachwa na maji katikati ya juma. Aina moja ya wadudu waliokuwa wachache iliongezeka sana mwaka uleule. Baraji halikubomolewa na kuran haikuzimwa. Wadudu walipewa siku mbili za mapumziko, nasi wengine hata Jumapili hatuzipati.

Nchi hiyohiyo ilifanya kinyume kwa ajili ya mbu. Katika bonde la mto Tennessee palikuwa na palu nyingi, na shirika lililoundwa 1933 lilijenga mabaraji mengi ya umeme. Walijua maziwa yao yangezaa mbu, wakaamua kupandisha na kushusha maji ya ziwa kidogo kila juma wakati wa joto, karibu sentimita 30. Watoto wa mbu waliojificha katika majani ya pembeni waliachwa kwenye nchi kavu wakafa, au walivutwa katika maji ya wazi, samaki wakawala. Waliongeza dawa na nyavu za madirisha, na katika miaka ya 1940 palu ikaisha katika bonde lile.

Mnaona, wamama, kwamba maji yakipanda na kushuka yanaweza kuua wadudu wazuri mahali fulani, na kuua wabaya mahali pengine. Kinachobadilika ni saa, na mahali, na nani alifikiriwa wakati saa hiyo inapangwa.

Wanyama wakubwa nao wanaishi kwa saa hiyo. Habari yao tumeipata karibu, ng'ambo ya mpaka wetu. Mto Kafue unaanzia Zambia karibu na mpaka wa Katanga, unapita chini ya mji wa Itezhi-Tezhi, kisha unaingia uwanda mpana wenye majani, wa kilomita kama 6,500 za mraba. Uwanda huo ni tambarare hivi kwamba maji yalikuwa yakichukua karibu miezi miwili kuuvuka. Pale anaishi lechwe wa Kafue, swala wa vinamasi mwenye kwato ndefu, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Lechwe anafuata ukingo wa maji. Maji yakipanda anasogea, yakishuka anarudi, siku zote anakula yale majani machanga ya pembeni.

Baraji la Kafue Gorge lilijengwa chini ya uwanda na kuanza kazi 1972, na la Itezhi-Tezhi likajengwa juu yake miaka michache baadaye ili kuhifadhi maji. Uwanda ukabanwa katikati. Upande wa chini maji yakaanza kukaa mwaka mzima mahali palipokuwa pakikauka; upande wa juu mafuriko yakapungua. Viwanja vya majani mafupi ambavyo madume walikuwa wakipigania majike vikafunikwa. Lechwe waliokadiriwa kuwa karibu 90,000 kabla ya mabaraji walipungua hadi karibu nusu kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, na wameendelea kupungua. Kisha ukaja mti wa miiba kutoka Amerika, jina lake Mimosa pigra, ambao mbegu zake zinaelea. Ukajaa katika mbuga ya Lochinvar hata ng'ombe, lechwe na ndege hawakupata pa kupita, na wanakijiji wakaajiriwa kuukata kwa mikono.

Tuseme ukweli wote: bunduki na mitego imewamaliza lechwe pia, si maji peke yake. Sisi wenyewe tunaye lechwe wetu katika vinamasi vya Upemba, ambaye wataalamu walimtangaza kuwa wa aina yake 2005, na aliyemfikisha karibu na kwisha ni mwindaji. Lakini mnyama aliyenyang'anywa mahali pa kujificha na pa kuzalia ni rahisi kumaliza.

Zambia walijaribu kurekebisha. 2004 serikali, kampuni ya umeme na shirika la WWF walikubaliana sheria mpya za kuachia maji ya Itezhi-Tezhi, ili mafuriko yafuate zaidi mwendo wake wa zamani. Lechwe hawajarudi kuwa kama walivyokuwa. Sisi tunaona hata hivyo kwamba kukaa mezani na mwenye ufunguo wa milango, na kumwambia kwamba chini ya baraji kuna wanaongoja maji kwa saa yao, si kitu kidogo.

Turudi Tshangalele. Tusilitukane ziwa letu, kwa maana baada ya miaka mingi limekuwa nyumba ya wengi. Bata na korongo wanakaa pale kwa wingi. Yuko ndege mdogo wa manjano, wa jamii ya mnana wafumao viota, ambaye wataalamu walimtangaza kuwa aina mpya 1982, na anayejulikana katika bonde la Lufira peke yake. Jina lake la kitaalamu ni Ploceus ruweti. Watoto wa ufukweni wamemwona kila siku bila kujua kwamba wageni wanasafiri nchi nyingi kumtafuta. Tunafikiri babu zake walikuwa katika vinamasi vya Lufira kabla ya baraji, kwani ndege hakuumbwa 1930. Na 2017 bonde la Lufira liliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya dunia ya vinamasi na maziwa yanayostahili kutunzwa. Kuandikwa hakumzuii mtu kukata matete, ila kunatupa neno la kusema tukienda ofisini.

Na neno lipo. Tulipomaliza kusoma, tulikaa na wamama sita wa ufukweni chini ya mwembe, tukawauliza wangetaka nini kama mwenye milango angewasikiliza. Tulidhani watasema samaki. Wa kwanza akasema: kalenda. Wengine wakaitika. Wanataka waambiwe mbele, hata kwa redio, hata kwa karatasi iliyobandikwa kanisani, ni mwezi gani maji yatapanda na mwezi gani yatashuka, ili ajuaye kulima alime mahali palipo salama na avunaye avune mapema. Mmoja, mzee kuliko wote, akasema kwamba wakati samaki wanapotaga katika majani, mwanzoni mwa mvua, maji yasishushwe ghafula, maana amewaona mayai na watoto wa samaki wakikauka juu ya matope, na watoto wa watu wakiwaokota kwa vikombe. Hakuwa amesikia habari za Colorado.

Kuhusu mbu walituambia wenyewe wanachoweza: kufukia mashimo waliyochimba kwa udongo wa matofali, kuondoa matete pale wanapotekea maji lakini si ufuko wote, kwa sababu ya samaki na ndege, na kuwaita watoto nyumbani jua likikaribia kutua. Waliomba pia mustikere. Tumeandika na hilo.

Tulikwenda na maombi hayo kwenye ofisi moja, tukaambiwa kuwa mambo ya maji ni ya mafundi, si ya wauza samaki. Tuliondoka kwa adabu. Sasa yamewekwa kwenye barua ya kurasa mbili, ya Kiswahili na ya Kifaransa, na watoto wa darasa la tano wamechora pembeni kereng'ende, kambale na yule ndege wa manjano. Mwenzetu wa samaki ataichukua Jumanne, atakaporudi ziwani na kapu tupu, ili wamama wa ufukweni watie sahihi zao kwanza. Wasiojua kuandika watatia kidole.